Jina limeandikwa wapi? Daftari za waliokamatwa na haki ya familia kujua

Katika miji yetu, mtu asiporudi nyumbani jioni na simu yake isipopita tena, familia haianzi na avoka. Inaanza na miguu. Wanapita hospitali, kisha komisaria ya polisi ya karibu, kisha kasho ya komini, kisha parke, kisha auditora ya kijeshi, na mwisho wanasimama mbele ya mlango wa gereza kuu. Kila mahali ulizo ni moja: jina lake liko hapa? Mara nyingi jibu halitoki kwenye daftari. Linatoka mdomoni mwa mtu anayetaka kwanza kuona kitu mkononi.

Wachungaji wetu wengi wanaijua safari hiyo, kwa sababu mama wa kanisa akichoka kutembea, mlango unaofuata ni wa mchungaji. Ndiyo maana tunaona vema tuichunguze habari hii kwa utulivu. Sheria inadai nini kuhusu kuandika jina la aliyekamatwa? Jina hilo linaandikwa wapi? Kwa nini linapotea? Na je, daftari hizo zifunguliwe kwa kila mtu, kama inavyofanyika katika inchi nyingine, au kwa wengine tu?

Sheria inadai nini

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 haikunyamaza. Kifungu cha 17 kinaweka msingi: uhuru wa mtu ndio kanuni, na kufungwa ni jambo la pekee. Kifungu hichohicho kinakumbusha kwamba kila mshitakiwa ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Kifungu cha 18 kinaingia ndani zaidi. Aliyekamatwa aelezwe mara moja, na isipite saa 24, sababu ya kukamatwa kwake na mashitaka yaliyo juu yake, tena katika lugha anayoielewa. Aelezwe haki zake. Aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia yake au mtetezi wake. Polisi wasimshike zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe ama apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria wenye mamlaka. Na wakati wote anapozuiliwa, atunzwe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake na heshima yake.

Tuangalie neno hilo la lugha. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lakini PV inaandikwa kwa Kifaransa. Mtu asiyesoma Kifaransa akiweka kidole chake chini ya karatasi ambayo hakuelezwa, hajui ameungama nini. Kwa hiyo anayeomba asomewe PV yake kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi haombi wema wa OPJ. Anaomba kile Katiba inachompa.

Baada ya polisi, njia inaendelea. Kwa Kanuni ya mwenendo wa mashitaka ya jinai, iliyotoka katika dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, parke inaweza kutoa hati ya kumkamata mtu kwa muda, ile ambayo watu wanaiita MAP. Kama jaji yuko katika mji uleule, mshitakiwa afikishwe mbele yake kabla ya siku 5 kupita. Jaji akikubali azuiliwe, ruhusa ya kwanza ni ya siku 15. Ikiongezwa, inaongezwa mwezi kwa mwezi, na kila mara jaji anapaswa kutazama tena.

Saa 24, saa 48, siku 5, siku 15, mwezi mmoja. Ulinzi wote wa mtu aliyekamatwa umejengwa juu ya hesabu ya muda. Lakini nani atahesabu kama saa ya kuingia haikuandikwa? Mtu asiye na jina katika daftari hana siku ya kwanza, na asiye na siku ya kwanza hawezi kamwe kufikisha siku ya mwisho. Ofisa anaweza kusema kila asubuhi kwamba huyu aliletwa jana usiku. Ndiyo maana tunasema daftari ya kasho ni saa ya sheria. Ikisimama, vifungu vyote vizuri vya Katiba vinasimama pamoja nayo.

Mambo haya hayadaiwi na Katiba yetu peke yake. Mwaka 2014 Tume ya Afrika ya haki za binadamu ilikubali Miongozo ya Luanda juu ya kukamatwa, kuzuiliwa polisi na kufungwa kabla ya hukumu, na daftari zimo ndani yake kama jambo la lazima. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Mandela. Kanuni hizo zinasema asipokelewe mtu gerezani bila hati halali. Yaandikwe jina lake, sababu ya kufungwa, siku na saa ya kuingia na ya kutoka, majeraha yanayoonekana mwilini, vitu alivyokuja navyo, na majina ya watu wa familia yake. Kila neno la orodha hiyo lina kazi. Majeraha yakiandikwa, itajulikana kama alipigwa kabla ya kuingia au akiwa ndani. Vitu vikiandikwa, simu na pesa yake haviwezi kupotea bila mtu kuulizwa. Familia ikiandikwa, kuna mtu wa kuitwa akigonjwa.

Daftari nne, si moja

Familia nyingi zinachoka kwa sababu zinatafuta daftari moja, wakati jina linapita katika nne.

Ya kwanza iko polisi. Pale ndipo OPJ anaandika aliyekamatwa, siku na saa, na kosa analodaiwa. Ya pili iko parke. Faili ikifika kwa mwendesha mashitaka inapewa namba ya RMP. Namba hiyo ni ya thamani kuliko maneno mengi. Mwenye namba ya RMP anaweza kuuliza faili iko kwa nani, badala ya kuuliza kama faili ipo. Ya tatu iko tribinali. Kesi ikipelekwa mbele ya waamuzi inapewa namba ya RP, na siku ya kusikilizwa inawekwa. Ya nne iko gerezani, kwa karani. Ni daftari ya kuingia na kutoka, na kila mfungwa ana mstari wake pamoja na hati iliyomleta. Ordonansi namba 344 ya tarehe 17 Septemba 1965, inayopanga maisha ya magereza yetu, haimruhusu mlinzi wa gereza kufanya kazi bila vitabu vyake.

Kama aliyekamatwa ni askari, au kama kosa linahesabiwa kuwa la mahakama za kijeshi, njia inapita auditora na si parke ya kiraia. Kama ni mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, mahali pake ni mbele ya jaji wa watoto, kwa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto. Familia yenye mtoto imseme umri wake mapema na ibebe karatasi ya kuzaliwa, au hata karatasi ya ubatizo au ya shule kama ile nyingine haipo. Mtoto akiandikwa miaka 19 katika daftari ya kwanza, daftari tatu zinazofuata zitanakili kosa hilo.

Kwa nini jina linapotea

Wakati mwingine jina linapotea bila nia mbaya. Kwetu mtu ana jina, ana posti-nomu, na ana jina la kikristo. Nyumbani anaitwa kwa moja, kazini kwa jingine, na mtaani kwa la utani. OPJ anaandika kadiri ya sikio lake. Ukienda na jina moja tu, unaweza kuambiwa hayupo, na yeye yuko nyuma ya ukuta anakusikia. Ndiyo maana anayemtafuta mtu abebe majina yote matatu, jina la baba na la mama, kijiji na teritwari ya asili, na mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu hayo ndiyo PV inayouliza. Picha nayo inasaidia.

Wakati mwingine jina linapotea kwa sababu mtu amehamishwa. Kasho imejaa, ama faili imepanda, na aliyekuwa komini leo yuko kwingine. Lakini hatuwezi kunyamaza juu ya sababu nyingine mbili.

Moja ni pesa. Penye maandishi kuna risiti, na penye risiti ni vigumu kudai tena. Mtu asiyeandikwa anaweza kuachiliwa kwa mapatano usiku, na kesho kukamatwa tena kwa kosa lilelile, kwa sababu hakuna alama kwamba aliwahi kuingia. Familia maskini inalipia mlango, inalipia kuonana, inalipia chakula kupita. Na kwa kuwa magereza yetu hayashibishi mtu, wafungwa wengi wanaishi kwa sahani inayoletwa na jamaa. Basi kutojua ndugu yako amefungwa wapi si uchungu wa moyo tu. Ni njaa yake, na mara nyingine ni kifo chake.

Sababu ya pili ni makasho yasiyojulikana. Kuna mahali pa kuzuia watu ambapo parke haiingii na ambapo hakuna dirisha la kuuliza. Anayeshikwa pale hajaandikwa kokote ambako familia inaweza kufika. Haitoshi kusema kwamba ni kwa ajili ya usalama wa inchi. Kifungu cha 18 hakikuweka mstari kati ya kasho ya polisi na kasho nyingine.

Milango inapovunjika

Miaka hii ya karibuni imetufundisha kwa damu maana ya daftari iliyotunzwa vizuri.

Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, wakati lilikuwa na watu zaidi ya 12,000, jaribio la kutoroka liliacha, kwa hesabu iliyotangazwa na waziri wa mambo ya ndani, vifo 129. Wengi walikufa kwa kukanyagana na kukosa pumzi. Kule Beni, tarehe 20 Oktoba 2020, gereza la Kangbayi lilivunjwa na watu zaidi ya 1,300 wakatoka. Goma, tarehe 27 Januari 2025, mji ukiwa unaanguka, maelfu walitoka gereza la Munzenze. Siku hiyo wanawake zaidi ya mia moja walibakwa, na wengi wao wakafa katika moto. Bukavu nayo iliona gereza lake likiwa tupu katika mwezi wa Februari uliofuata.

Baada ya siku kama hizo, ulizo la familia linakuwa gumu mara tatu. Je, ametoroka? Je, amekufa? Je, alikuwa ameshaachiliwa? Kama daftari ilikuwa moja tu, nayo imeungua, hakuna wa kujibu. Mjane hapati karatasi ya kifo. Watoto hawajui kama wasubiri ama waomboleze. Aliyekuwa amemaliza kifungo chake hawezi kuonyesha kwamba alimaliza, na kesho anaweza kukamatwa kama mtoro. Naye aliyeua mtu kweli anapotea pamoja na wale wasio na hatia, na familia ya marehemu inabaki bila haki. Tusisahau upande huo. Daftari inamlinda pia yule aliyekosewa.

Goma na Bukavu, tangu ziingie mikononi mwa AFC/M23, kazi ya mahakama za serikali ilikatika, na watu wanaendelea kukamatwa. Hapo wengine husema kwamba hakuna sheria tena. Si kweli. Desturi za sheria ya vita, zinazofunga kila upande wenye silaha, zinadai kwamba habari za kila mtu aliyenyimwa uhuru ziandikwe. Mwenye kushika funguo, awe nani, anadaiwa kuandika jina. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina kazi ya kutafuta waliopotezana na kuwaunganisha na jamaa zao, na familia inaweza kuiendea bila kulipa kitu.

Kuna jambo lingine linaloongeza uzito. Tangu Machi 2024 serikali iliondoa kule kusitisha utekelezaji wa hukumu ya kifo kulikodumu tangu mwaka 2003. Makanisa yana maneno mengi ya kusema juu ya adhabu hiyo. Kwa leo tuseme moja tu. Inchi ambayo bado inakosea jina, umri na siku ya kuingia katika daftari zake inapaswa kuogopa sana adhabu isiyoweza kurekebishwa.

Kule ambako kila kitu kiko wazi

Wandugu zetu waliohamishiwa Marekani kama wakimbizi, na ambao leo wana makanisa yanayoimba Kiswahili katika majimbo mengi, wanakutana na hali iliyo kinyume. Kule, katika kaunti nyingi, mtu akikamatwa na kuingizwa jela, jina lake linaonekana baada ya muda mfupi kwenye ukurasa wa sherifu. Yeyote mwenye simu anaweza kuona siku ya kuingia, shitaka, dhamana inayodaiwa na siku ya kwenda mbele ya jaji. Mara nyingi na picha ya uso iko pale.

Kule nako daftari si moja. Jela ya kaunti ni ya wanaongoja kesi na wenye vifungo vifupi. Gereza la jimbo ni la waliohukumiwa vifungo virefu. Serikali kuu ina magereza yake na ukurasa wake wa kutafutia. Na wanaoshikwa kwa mambo ya uhamiaji wanatafutwa mahali pengine kabisa, kwenye ukurasa wa idara ya ICE. Huko unatafuta kwa namba ya uhamiaji inayoanza na herufi A pamoja na inchi ya kuzaliwa, ama kwa jina kama lilivyoandikwa kwenye karatasi pamoja na inchi ya kuzaliwa. Familia za kwetu zikumbuke kwamba Kongo ni mbili, na kwamba jina lililogeuzwa nyuma mbele linaweza kuleta jibu la bure. Walio chini ya miaka 18 hawaonekani pale.

Uwazi huo una tunda jema. Ndugu anajua aende wapi, na avoka anajua aanzie wapi. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya kaunti ya Riverside ya mwaka 1991, iliweka saa 48 kama kipimo cha kumfikisha mtu mbele ya jaji atakayeamua kama kulikuwa na sababu ya kumkamata bila hati. Ni saa zilezile za Katiba yetu. Kule zinahesabika kwa urahisi kwa sababu saa ya kuingia imeandikwa na inaonekana.

Lakini kuna tunda chungu pia. Picha ya mtu aliyekamatwa inabaki hata kama kesi ilifutwa siku ya pili. Watu wengine walifanya biashara: wanakusanya picha hizo, wanaziweka kwenye intaneti, kisha wanadai pesa ili waziondoe. Mwenye nyumba anaiona, mwajiri anaiona, na mtu ambaye jaji hakumhukumu anahukumiwa na jirani. Ndiyo maana mwaka 2019 jimbo la New York lilipunguza utoaji wa picha hizo. Mwaka 2020 polisi wa San Francisco waliacha kuzitangaza ovyo. California nayo, tangu Januari 2022, inawakataza polisi kuziweka kwenye mitandao ya jamii kwa wale wanaodaiwa makosa yasiyo ya ujeuri.

Na uwazi wenyewe una shimo. Mwaka 2015 gazeti la Guardian liliandika juu ya jengo la polisi wa Chicago liitwalo Homan Square. Lilisema kwamba watu walishikwa pale bila kuingizwa katika orodha ya kawaida, na familia na mawakili wao hawakuweza kuwapata. Polisi wa mji walikana kwamba walivunja sheria. Lakini fundisho ni wazi kwa kila inchi: orodha nzuri kuliko zote haimsaidii mtu ambaye hajaandikwa ndani yake.

Tufungue daftari kwa nani?

Tukilinganisha hali hizi mbili, tunaona kwamba kila moja imeshika nusu. Kwetu jina linafichwa kwa yule aliye na haki ya kujua. Kule linaonyeshwa hata kwa yule asiyehitaji. Kwetu mtu anapotea. Kule aibu yake haipotei.

Wengine wetu wanasema: tuweke yote kwenye intaneti, rushwa itakwisha. Tunaelewa hamu hiyo, na kweli mwanga unafukuza mambo mengi. Lakini tufikiri jinsi mambo yanavyokwenda mitaani kwetu. Tayari tunaona vijana wakiketishwa chini mbele ya kamera, mikono nyuma, wakiitwa wezi ama kuluna kabla jaji hajaona faili. Tayari picha zinatembea katika makundi ya WhatsApp, na mara nyingine katika makundi ya kanisa. Katika mji ambamo watu wanaweza kumchoma mtu kwa kelele ya mwizi tu, orodha ya majina na picha na anwani inaweza kuwa orodha ya kuua. Na penye chuki ya kabila, jina peke yake linatosha kumponza mtu.

Kwa hiyo msimamo tunaoupendekeza ni huu. Daftari iwe wazi kabisa kwa familia, kwa mtetezi, kwa parke na jaji, kwa Tume ya taifa ya haki za binadamu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013, na kwa watumishi wa kanisa wanaotembelea wafungwa. Kwa hao, jibu litolewe palepale dirishani, bila malipo, kutoka kwenye maandishi. Picha na shitaka visitangazwe mtaani kabla ya hukumu. Lakini hesabu itangazwe kwa wote: wangapi wako ndani, wangapi wanangoja hukumu, wangapi wamepita siku zao. Hesabu haimwaibishi mtu yeyote isipokuwa yule anayepaswa kuaibika. Na nakala ya daftari ya gereza ikae nje ya gereza, katika parke ama tribinali, ili moto mmoja usiteketeze watu mara mbili.

Neno la Mungu na karatasi

Mtu anaweza kuuliza kama mambo ya daftari ni ya kanisa. Tusome tena Matendo ya Mitume kuanzia sura ya 21. Paulo anakamatwa Yerusalemu. Katika sura ya 22, alipokuwa karibu kupigwa, alitaja haki yake ya uraia, na mkubwa wa askari akaogopa. Katika sura ya 23, mtoto wa dada yake anasikia habari za njama ya kumuua. Anafanya nini? Anaingia ndani ya ngome na kumwambia. Jamaa alijua mahali ndugu yake amefungwa, na aliruhusiwa kumwona. Ni kwa mlango huo mdogo Mungu alipitisha wokovu wa mtume wake. Kama kijana yule angeambiwa langoni kwamba hakuna mtu wa jina hilo, barua nyingi za Paulo tunazozisoma leo zisingeandikwa.

Usiku uleule, mkubwa wa askari alimtuma Paulo Kaisaria pamoja na barua iliyoeleza nani ametumwa na kwa sababu gani. Na katika sura ya 25 tunamkuta Festo, mtawala wa kipagani, akisumbuka moyoni kwa kuwa haoni akili kumpeleka mfungwa bila kuonyesha mashitaka yake. Mpagani huyo aliona aibu kupeleka mtu bila maandishi. Inchi yetu, yenye wakristo wengi hata kati ya majaji na maofisa, ingepaswa kuona aibu zaidi.

Tukumbuke pia Yusufu. Mnyweshaji alitoka gerezani akamsahau, na ikapita miaka miwili mizima. Gerezani, kusahauliwa ni kifungo juu ya kifungo. Na Bwana wetu, katika Matayo 25, alijihesabu mwenyewe kati ya wafungwa wanaongoja kutembelewa. Lakini hatuwezi kumtembelea mtu tusiyejua yuko wapi.

Kazi iliyo mbele ya parokia

Hatuhitaji kungoja Kinshasa ili tuanze. Kila parokia inaweza kuchagua watu wawili, mwanaume na mwanamke, wenye uvumilivu na wasio na kelele, watakaosindikiza familia. Wawe na namba za simu za avoka mmoja anayekubali kusaidia maskini, za mtumishi wa kanisa gerezani, na za ofisi ya haki za binadamu iliyo karibu. Familia ikija, waandike kwanza katika daftari ya parokia: majina yote, siku na saa aliyoonekana mara ya mwisho, nani alimchukua, gari gani, nani alishuhudia, na kila ofisi iliyotembelewa na jibu lililotolewa. Daftari hiyo ya kanisa inaweza kuwa ushahidi wa pekee siku moja, kwa sababu itakuwa imeandikwa palepale.

Wakifika ofisini waulize kwa heshima maulizo manne: Ameandikwa? Siku gani na saa gani? Kwa kosa gani? Namba ya faili ni ipi? Pesa ikidaiwa, waombe risiti. Saa 48 zikipita bila kupelekwa parke, waandike barua fupi kwa mwendesha mashitaka na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri inafanya kazi hata wewe ukiwa umelala. Wasiende peke yao usiku, na wasiweke habari za mtu kwenye mitandao kabla familia haijakubali.

Na wale kati yetu walio polisi, walio parke, walio makarani wa gereza, tunawaambia kwa upendo: kalamu yenu ni huduma. Ukiandika jina la mtu sawasawa, na saa yake, na jeraha lake, umetenda haki hata kama mshahara umechelewa na hata kama mkubwa hakukushukuru. Ukiliacha bila kuandikwa, umempa mwovu nafasi ya kufanya atakalo juu ya mtu ambaye, machoni pa sheria, hayupo popote.

Mungu anamjua kila mmoja kwa jina lake. Serikali haiwezi kujua kama Mungu anavyojua, lakini inaweza kuandika. Jumapili hii, katika maombi ya waumini, tunaomba kila parokia iwataje waliokamatwa ambao familia zao bado zinatafuta. Na Jumatatu, watu wawili waende kuuliza.